Kipande cha Majani

Tangu Ijumaa chakula tunalia jikoni, tumesimama.
Meza Zahor kaitandika ramani ya Omani,
Maskati kaibana kwa kopo la sukari,
Salala kwa miwani yangu niliyoitafuta siku mbili.

Baina yake jangwa, kilomita elfu,
na kidole chake kinalivuka kwa nukta moja tu:
"Tutalala Haima. Alfajiri twondoka.
Mchana tumo ndani ya manyunyu."

Anasema kipo, nyuma ya vilima, kiwanja cha mashimo tisa
ambacho mwezi wa saba hakina mtu wa kukimwagilia,
ukungu unashuka wenyewe na kazi yake.
Ngamia hukatiza wapendapo, wachezaji hungoja.
Mpira ukipotea husamehewa, hutolewa mwingine.

Miye gofu siijui. Nakijua kile kipande:
miaka ishirini na sita ya kambi ya mafuta
yeye na wenziwe walicheza juu ya mchanga,
na penye shimo mchanga umemwagiwa oili chafu usipeperuke,
kila mtu na majani yake ya plastiki kwapani,
upana wa sinia.
Weka chini, piga, okota, nenda.
Alhamisi nilikifua pamoja na kanzu.
Kilinuka sabuni, kilinuka dizeli,
majani hakikunuka hata siku moja.

"Na mgongo?" nikamuuliza jana. "Daktari kasemaje?"

Akaisogeza sukari. Maskati ikajikunja
ikafunika mpaka Nizwa.

"Fimbo nimempa Thuwaini. Tangu Shaabani."

"Sasa kiwanjani twendea nini?"

Akainuka kwa vituo, mkono kiunoni,
akarudi nacho, kimepauka, pembe moja imenyofoka.
"Nataka nikiweke juu ya majani ya kweli.
Nivue viatu, nikae ubavuni mwake,
nione nani atamwonea nani haya."

Sikucheka. Au nilicheka kidogo.
Nikavuta kalamu, nikaandika pembeni mwa bahari,
pale ambapo ramani haina kitu:
birika, vikombe vitatu maana hakukosi mgeni,
shuka nzito, dawa ya kuchua, mwavuli.

Kisha mwavuli nikaupiga mstari.
Kilomita elfu, halafu tukae wakavu?