Dakika Tisa za Mafuta

Tarumbeta hili aliniachia mjomba Owora wa bendi ya polisi.
Limebonyea upande, kitufe cha kati hukwama siku za mvua,
na ukilitia mdomoni lina ladha ya sarafu.
Nyumba ya kulipigia hakuniachia.

Kwenye mizigo ya Mama Nyafwono tuko milango minane,
ukuta wa tofali moja, bati moja juu yetu sote:
ukipiga chafya mlango wa kwanza, wa nane watakuombea afya.
Nilipuliza noti moja. Moja tu.
Kitoto cha Akisa kikaamka,
Awor, mtahiniwa, akafunga kitabu kwa kishindo,
na Okecho, alalaye mchana kwa kuwa usiku ni wa kiwanda,
akagonga ukuta mara tatu, taratibu,
kama fundi apigiliaye jeneza la mtu asiyemdai.

Nikalivisha soksi. Nikalishindilia blanketi.
Nikaingia nalo chini ya godoro,
nikatoka na jasho, na sauti ya mbuzi mgonjwa.

Katekista akasema kanisa si gereji,
akatia ufunguo mfukoni, akaupapasa kuhakikisha.

Uwanja wa shule: watoto thelathini nyuma yangu
wakidhani nimetangulia mgombea,
wakiuliza fulana zinagawiwa wapi.

Bondeni, kwenye mafunjo, vyura walininyamazia.
Mchunga ng'ombe akaja mbio, kofia mkononi,
akaniuliza kwa heshima ni nani amefariki.

Basi nikaupanda mwamba. Kosa kubwa.
Mwamba wa Tororo hauna siri:
kibaya nilichoupa ulikirudisha kibaya zaidi,
ukakigawa mtaa kwa mtaa,
na niliposhuka sokoni muuza mukene akaniuliza, "Ni wewe?"
Nikasema si mimi.
Tarumbeta lilikuwa likichungulia kwenye gunia.

Nikaenda mahali ambapo kelele zina mwenyewe.
Nyuma ya kiwanda cha saruji, penye ua wa waya,
ambapo nyasi ni nyeupe na mbuzi hurudi na mvi,
mashine ya kusaga mawe hunguruma hata meno yako yakajibu.
Hapo nilipuliza kwa mapafu yote.
Hakuna aliyenisikia.
Nami pia sikujisikia.
Wiki tatu nilipiga wimbo mmoja kwa vidole na imani,
kama mtu aandikaye barua gizani.

Kisha, jioni moja, mashine ikazimwa.

Ikazimwa tu, katikati ya noti,
na noti yangu ikabaki peke yake hewani,
uchi, imepinda, ndefu,
sina pa kuificha.

Ng'ambo ya ua, wanaume kumi nyuso nyeupe, kope nyeupe,
mikebe ya mafuta mikononi.
Mmoja wao ni Okecho.
Hakucheka. Alifuta mdomo kwa kiwiko, akasema:
"Saa kumi na mbili na robo, zamu zikipishana, tunampaka mafuta huyu.
Dakika tisa. Ukitaka kujisikia, ndizo hizo."
Kisha: "Ile ya tano unaikosea.
Iliipenya hata mashine."

Sasa nina dakika tisa kwa siku, Jumapili hakuna.
Mbili za kupasha midomo, moja ya kitufe kilichokwama,
zilizobaki ni za wimbo wa mjomba, ule wa kushusha bendera.
Wanaume hawasemi kitu. Wanapaka mafuta.
Juzi, naapa, walimpaka mara mbili.

Na leo mchana, nimejilaza baada ya kufua,
nasikia kwa Okecho, upande wa pili wa tofali,
mtu anapiga mluzi.
Wimbo ni wangu. Anauchukua vizuri tangu mwanzo,
anafika noti ya tano,
anaikosea palepale ninapoikosea mimi,
anarudia, anaikosea tena kwa uaminifu.

Kitoto cha Akisa kimelala.
Nimeinua ngumi nigonge ukuta,
mara tatu, taratibu.

Ngumi bado iko juu.