Sekunde Sita

Chumba chao kina jina la ziwa.
Kuta za kioo, kalamu tatu, mbili zimekauka.
Eetu, kijana wa soksi za rangi ya karoti,
akanipa ile nzima:
"Raili, pindua mti huu."
Nikaupindua, kulia kuwa kushoto,
mti wa duara na mistari
ambao hakuna ndege atakayeutua.

Kwenye duara la nne mkono ukatetemeka.
Miaka kumi na tisa naandika programu,
sijawahi kuandika nimesimama,
mtu ananitazama kisogo.

Vilja hakuuliza kitu. Kompyuta mapajani,
kila nilipomeza mate alibonyeza,
ti, ti,
kana kwamba mate nayo yana alama zake.

"Tuambie," akasema Eetu,
"kitu kikubwa kuliko vyote ulivyojenga."
Kikubwa.
Nikapekua maisha yangu yote
nikakuta mlango.

Mlango wa tramu. Tampere, Februari,
saa kumi na moja alfajiri,
baridi ya kukausha machozi kabla hayajashuka.
Siku tatu nilikaa kituoni nikihesabu wanaopanda:
mzee na kigari chake cha kujishikiza,
mama wa mapacha,
mlevi mmoja aliyeuomba mlango radhi.
Mkataba ulisema sekunde nne.
Niliandika sita.
Mkuu wangu akafoka: nani kakutuma?
Nikamwambia, goti la yule mzee.

Kimya.
"Na mfumo ulihimili maombi mangapi kwa sekunde?"
"Moja," nikasema. "Mlango mmoja. Mtu mmoja mmoja."
Vilja akacheka, kisha akakirudisha kicheko kooni
kama aliyeokota kisicho chake.

Wakanipa maji ya chupa, na "tutakujulisha."
Nalijua neno hilo; lina mkia mrefu
na mkia wenyewe hauna mnyama.
Nina miaka hamsini na miwili.
Koti nililovaa nililinunua jana,
risiti iko mfukoni, nirudishe wakinikataa.

Nje theluji imegeuka tope.
Tramu ile pale. Nikakimbia, mimi huyu, nikakimbia,
begi likinichapa ubavuni,
nikihesabu kwa sauti hadi watu wakageuka:
moja, mbili, tatu,
nne

(hapa mlango wa mkataba umeshafungwa)

tano,
mguu ndani, bega ndani,
na kifungo cha koti kikadondoka relini.

Dukani hawatalipokea tena.