Kioo cha Nne

Mara tatu, hapa Newala, damu ya Shaibu
ilipita mkononi mwangu.
Mara tatu nikaandika: hakuna vimelea.
Nilichokitafuta hakikuwapo;
kilichokuwapo sikukitafuta.

Kioo cha nne. Umeme umekatika,
nimeisogeza darubini dirishani,
shati langu linanuka salfa ya mikorosho.
Rangi imekauka. Nainama:

chembe nyeupe, changa, zimejazana,
kiini kimeimeza chembe karibu yote,
madunge yaliyodondoka kabla ya siku yake.
Nahesabu mia.
Themanini na saba.

Bi Somoe yuko nje, kwenye benchi,
anaifunika kwa kanga michubuko ya mguu wa mwanawe.
Nikampa barua ya rufaa, safari ya Dar,
na karatasi ya watafiti:
wanaomba uboho, kirija kimoja cha ziada.

“Kitamponya huyu?”
“Huyu ana dawa zake, za miaka.
Hicho labda ni cha atakayekuja.”
Akanyamaza. Kisha akanyoosha kidole gumba,
akasubiri wino.

Usiku nikavitoa vile vioo vitatu sandukuni.
Kwenye cha pili, pembeni kabisa,
zilikuwapo nne.