Neno kwa Kipimo

Kibokoni, kwenye dari,
nimepanda alfajiri,
na bisibisi tayari,
nyaya nyingi mabegani.

Ameniita Twahira:
intaneti si imara,
yakatika kila mara,
mwana yu mtihanini.

Antena naona tisa,
zote zapayuka sasa,
kila moja yajitesa
isikike mtaani.

Mselemu alianza,
ishara akaikuza;
Famau naye kapaza,
asije mezwa hewani.

Na fundi aliyekuja
kupandisha moja moja,
na kulipwa pasi hoja,
ni mimi. Nitubu lini?

Na mnara uko hapa,
waweza jiwe kutupa!
Na nguvu nilizowapa
zasikika Kaloleni.

Ni kama arusi mbili,
taarabu zote kali,
huwezi jua kwa kweli
hapa biarusi nani.

Nakumbuka kwa babangu,
sikio li na ukungu:
nikipaza neno langu
huniashiria: chini.

“Hee?” Kumbe nimeshuka;
napanda pasi kuruka,
ndevu zikitikisika,
basi, hapo kipimoni.

Nimezipa zote siri:
mpokezi akikiri
“Nakusikia vizuri,”
desibeli punguzeni.

Mvua ikija kunyesha,
ishara ikajichosha,
zenyewe hujipandisha
kwa hatua, kwa mizani.

Zote tisa zanong’ona,
na zote zasikizana;
hewa pana, pana sana,
kama chumba cha mgeni.

Mselemu kanijia:
“Nguvu nilizolipia
wewe wazipunguzia,
kwa idhini yake nani?”

Nikamwambia: “Fungua
mchezo ulosumbua
jana usiku.” Kafungua,
akakaa barazani.

Asante haikutoka.
Mara goli! Akaruka,
mtaa ukashituka.
Na hiyo niifanyeni?

Magharibi, Makadara,
baba yangu kwa ishara
auliza ya ijara:
“Leo umelipwa nini?”

Nasogea, nainama
kwa lile sikio zima,
polepole nikasema
neno; likatua ndani.