Kibao cha Mtungi

Bwana Kisamo amenipa kipande cha mringaringa,
kopo la rangi nyeupe na brashi ya kupakia wanja.
"Maneno kumi, Ndekusara. Wateja hawasomi."

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
ndani ya banda la neti, hapa Rau, saa mbili asubuhi,
na mmea wa Bukini unaning'inia mbele yangu
kama duka la mitungi lililosahau kujengewa sakafu.

Kwanza niliandika: SI UA.
Maana kila aingiaye huuliza, ua gani hili?
Wala si tunda, mama. Ni jani.
Fuata mshipa wake wa kati kwa kidole:
unapita ubapa wote, unafika nchani, haukomi,
unatoka nje kama uzi uliokataa kukatwa kwa meno,
unajizungusha mara moja kwenye kijiti,
unashuka, kisha (nani aliufundisha?)
unakunja shingo kutazama juu, unavimba.
Unakaa umefumbwa majuma kadhaa, una manyoya ya rangi ya kutu,
hauzidi kidole cha mtoto mchanga.
Siku moja mfuniko unabanduka,
na ndani tayari mna maji
kabla tone la mvua halijabisha hodi.

Nikafuta. Kumi zilikwisha kitambo.

Nikaandika: UNAKULA WADUDU.
Kisamo alilipenda hilo, linauza.
Mimi nikaona ni uzushi. Kula ni kunyanyua mkono,
na huu haunyanyui kitu.
Hata mfuniko haufungi. Watoto huuchokoza kwa nyasi,
hungoja ufunge, huondoka wamenuna.
Ule ni mwavuli tu, supu isizimuliwe.
Kazi yote iko mdomoni:
ukingo wenye mifuo myembamba kama meno ya kitana,
mwekundu, unatoka utamu.
Asubuhi kavu sisimizi hupanda, hulamba, hurudi kwao
kuita ndugu.
Ukungu ukiteremka kutoka mlimani, ukingo ukalowa,
ndugu huja wote
na hakuna arudiye na habari.
Chini ya ukingo ukuta una nta, mguu hauna pa kushika.
Chini zaidi, maji yanayovutika kama mlenda.

Nikafuta tena.

MSINIPE MAJI YA BOMBA.
Moshi tunajisifia vitu viwili, maji yetu na udongo wetu.
Mgeni huyu amevikataa vyote.
Mwaka jana nilimwonea huruma,
nikamwekea samadi ya ng'ombe wa mama Aikaeli, iliyooza vizuri.
Majani yakanenepa, yakang'aa, nikafurahi,
hadi nilipoona ncha zimekoma kutoa uzi.
Miezi mitano, hata mtungi mmoja!
Aliyeshiba hafinyangi.
Nikamng'oa usiku, nikamhamishia kwenye makumbi ya nazi
na vijiwe vyepesi visivyo na kitu,
nikamnywesha maji ya mvua yaliyotoka kwenye mfereji wa bati.
Akaanza upya kufinyanga.

Mwezi wa Mei ulitoa ua la kweli.
Hakuna mteja aliyeliona.
Shina refu, vijiua vya kahawia visivyo na petali,
vyote vya kike: mimea hii, dume mbali, jike mbali.
Dume, kama lipo, liko kwenye vinamasi vya Bukini.
Vijiua vilikaa wazi vikinuka sukari iliyoungua,
vikakauka.
Nilivifagia mwenyewe. Hapo sina la kuandika.

Jana bwana afya kachungulia mtungi wa chini, ule mnene,
akakuta viluwiluwi wa mbu wanacheza
katikati ya mabawa ya nzi walioyeyuka.
"Hawa mbona hawafi?"
Nikamwambia wao ni wapangaji.
Akataka tumwage. Nikasimama mlangoni na brashi yangu
hadi akakumbuka ana kazi Majengo.

Sasa rangi imebaki tone moja.
Nimeandika:

JANI.
LILIZALIWA PENYE NJAA.
TAFADHALI USILISHIBISHE.

Ni sita. Yale manne
Kisamo aandikie bei.