Vitanda Sita

Sindre muuzaji, kijana wa koti la njano,
alituuliza swali moja tu: Mko wangapi?
Eilif akajibu, sita.
Mimi nikajibu, wawili.
Tukatazamana kwenye theluji iliyogeuka tope,
uwanja wa magari, Steinkjer, mwezi wa nne,
miaka arobaini na moja ya ndoa
na hesabu bado imekataa.

La kwanza lilikuwa mita saba na nusu.
Sofa la ngozi, bafu la vioo,
friji la kumeza kulungu na pembe zake.
Juu ya dereva, kitanda cha kupandia ngazi.
"Hapa watalala watoto wa Ingunn," akasema Eilif,
kiganja juu ya usukani, kama anayembembeleza farasi.
Watoto wa Ingunn!
Mkubwa ana miaka kumi na tisa, yuko Bergen, anasomea samaki,
hajalala kwetu tangu ndevu zimwote.
Mgeni siku mbili, walisema wahenga;
hawakusema umbebee kitanda chake
mwaka mzima, kwa dizeli yako.
Na uzito je? Tia maji, tia vyungu, tia mume,
leseni zetu hazifiki huko.

La pili lilikuwa dogo. Nililipenda mimi.
Linaegeshwa popote, linakunywa kidogo,
lina kidirisha juu ya sinki.
Eilif, mita moja na tisini na nne,
akaingia ameinama kama anayeomba radhi
na hakuacha kuomba mpaka alipotoka.

Gudveig, jirani, alikuwa ameniusia:
usinunue kwa macho, nunua kwa mgongo.
Basi nikavua viatu, nikalala upande wa ukutani.
"Zima taa," nikamwambia Sindre.
"Sasa ni saa tisa usiku, mvua inanyesha,
nami nataka choo."
Kumvuka Eilif gizani:
goti langu la chuma likatua tumboni mwake,
kiwiko changu kikafungua kabati,
vijiko vya maonyesho vikamwagika vyote.
Sindre aligeuka akacheka na dirisha.

Ndipo akauliza la pili, taratibu,
swali ambalo ilifaa liwe la kwanza:
Mnakwenda wapi?

"Ureno," akasema Eilif. "Mpaka lami iishe."
Miaka ishirini na sita ya zamu za usiku, kiwanda cha karatasi;
mtu huyu anadai jua, na riba yake.

"Snåsa," nikasema mimi.
Sindre alidhani nimetania.
Snåsa ni mwendo wa saa moja tu.
Lakini mimi nilipeleka barua njia ile,
kila lango, kila mbwa kwa jina lake,
injini ikinguruma, mguu mmoja nje,
na ziwa likimeta huko nyuma ya nyumba za watu.
Sikuwahi kuiona jioni yake hata moja.

Hatukuwa tumeambiana. Tulikuwa tumekusanya vipeperushi tu.

La tatu lilikuwa limetumika. Mita sita kasoro.
Doa la kahawa darini, sijui lilifikaje huko.
Ndani ya mlango wa kabati, kwa penseli,
mtu aliandika bei za mafuta, mwaka hadi mwaka,
kisha akaacha.
Vitanda viwili, kimoja huku, kimoja huku,
njia katikati, pana kwa goti langu.
Eilif anasimama wima mahali pamoja tu,
chini ya dirisha la paa;
akasimama hapo, hakusogea,
kichwa ndani ya mwanga.
Hita ikawashwa. Ikakohoa, ikakubali.

Sindre, daftari mkononi: Basi mko wangapi?

Eilif alivitazama vitanda. Akanitazama mimi.
"Wawili," akasema.
Halafu, akijifanya anakagua bawaba ya dirisha,
"lakini muulize kama kuna pa kuweka hema."

Nikatoa futi yangu, nikapiga magoti, lile zima na lile la chuma.
Chini ya kitanda changu: sentimita thelathini na nane.
Hema la watu wanne litaingia
likikunjwa na mtu mwenye subira.

Nitalikunja mimi.