Lakiri

Greeley, Jumanne, saa tatu asubuhi.
Upepo umeingiza harufu ya kiwanda cha nyama
mpaka ndani ya korti, na hakuna anayeitaja.
Mimi ni mkalimani. Nimeapa
nisiongeze neno, nisipunguze.

Wilondja Asukulu, miaka ishirini na mitatu.
Ngumi moja, kioo kimoja
cha gari la msimamizi wake.
Jaji anasema: kiri leo,
hukumu naiweka kando miaka miwili.
Lipa kioo. Ukiitwa kupimwa mkojo, njoo.
Usivunje kingine.
Ukifika salama, kukiri kwako utarudishiwa,
kama chenji.

Akaniinamia, na lafudhi yake ya Fizi:
"Dada, sasa nimefungwa ao sikufungwa?"
Nikalitafsiri swali.
Wakili akatazama saa.

Kosa si lake. Kitenzi chetu ni kimoja:
hufungwa mtu, hufungwa mlango,
mzigo, kamba ya kiatu.

Miaka miwili nilikuwa nikimwona
kituo cha basi, Barabara ya Kumi,
risiti zake ndani ya mfuko wa unga.
Alitembea kama mwenye beseni la maji kichwani
na barafu chini ya nyayo.
Arusi ya binamu yake aliondoka kabla ya ngoma,
asije akakanyagwa, akakasirika.

Kisha Jumanne nyingine, jaji mwingine.
Kesi imefutwa; na faili, je?
Nikatafuta neno. *Limechomwa*: uongo.
*Limefichwa*: nusu uongo.
Nikamkumbuka babu, karani wa posta,
akidondosha nta nyekundu juu ya fundo la kifurushi.
"Faili lako," nikasema, "limefungwa kwa lakiri."
Akacheka kwa sauti, mle mle kortini:
"Basi lifungwe lenyewe! Mimi niko nje."
Jaji akauliza amesema nini.
Maneno niliyatafsiri. Kile kicheko, hapana.

Mwezi wa sita akaja kwangu na fomu ya uraia.
Ukurasa wa tisa hivi, swali refu:
umewahi kukiri kosa,
hata kama kesi ilifutwa,
hata kama faili limefungwa?
Akanisomesha tena. *Hata kama. Hata kama.*

Ndipo nikaliona, mimi niliyelichagua:
ndani ya lakiri, kiri bado limo.

Kalamu yake imesimama juu ya kisanduku.
Mezani kwangu hapana kiapo,
naruhusiwa kuongeza.
Nikamwongezea chai.